Damu ya Mama Mwenye Mimba na Wajibu wa Mumewe

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad, jamaa zake na sahaba zake, somo hili ni juu ya maradhi yasiyopiga kelele. Hayana homa kali ya kumlaza mtu kitandani, wala jeraha la kuonekana, wala kikohozi cha kusikika usiku. Mwanamke huyachukua mwilini mwake miezi mingi, naye huku apika, achota maji, alea watoto. Na siku ya kuzaa ndipo ijulikanapo kuwa nguvu zake zilikwisha zamani. Maradhi hayo ni upungufu wa damu katika wenye mimba.

Wanaume wengi huyahesabu kuwa ni mambo ya wanawake, na wakunga, na wauguzi. Lakini mwenye kuzitazama sababu zake moja moja ataona kuwa nyingi katika hizo zimo mikononi mwa mume, na kuwa dawa yake huanza jikoni na kitandani kwake, kabla ya kufika hospitali.

KOLANDOTO NA NCHI YA DHAHABU

Kolandoto ni mahali nje kidogo ya mji wa Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma. Pana hospitali ya kanisa la Africa Inland Church na chuo cha kufundisha waganga na wauguzi. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilipokwisha kujengwa mwaka 1928, ikapita Shinyanga, njia ya watu wa pwani kwenda huko ikawa nyepesi. Kisha ikaja almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Upande wa magharibi ikawa dhahabu ya Geita, ambako machimbo makubwa ya sasa yalifunguliwa mwaka 2000, na dhahabu ya Bulyanhulu katika Kahama mwaka 2001. Pembeni ya machimbo hayo makubwa wako wachimbaji wadogo wasiohesabika.

Kwa hiyo khabari ya Kolandoto si khabari ya watu wa mbali. Wamo huko wana wa Tanga, na Bagamoyo, na Unguja, wenye maduka, na magari, na mashimo ya dhahabu, nao wameoa huko au wamechukua wake zao kutoka pwani. Na uangaliwe mfano wa mtu mmoja katika hao. Amemwacha mkewe Kolandoto ana mimba ya miezi minne, yeye akaenda Geita machimboni. Kila akipata hupeleka fedha ya unga, asipopata hunyamaza. Haulizi ila swali moja: "Mwajambo?" Naye mke hujibu: "Hatujambo." Basi mume huona kuwa ametimiza yaliyo juu yake. Mtu huyu si mwovu, lakini hajui nini kinachotokea katika damu ya mkewe. Somo hili ni kwa ajili yake.

NAMNA DAMU IPUNGUAVYO

Wekundu wa damu watokana na kitu kiitwacho hemoglobini, nacho hakifanyiki pasipo madini ya chuma. Kazi yake ni kuichukua hewa safi kutoka mapafuni na kuifikisha katika kila kiungo. Waganga wameweka mpaka: mwenye mimba akiwa na chini ya gramu 11 za hemoglobini katika desilita moja ya damu, huyo ana upungufu, akiwa chini ya gramu 7, upungufu wake ni mkali na hali yake ni ya khatari.

Mwanamke anapochukua mimba, maji ya damu yake huongezeka karibu nusu ya yale ya kwanza, na wekundu hauongezeki kwa kadiri hiyo, mfano wa mchuzi uliotiwa maji. Zaidi ya hayo, mtoto tumboni na kondo lake vyataka chuma chao, na mama ataka damu mpya ya kumtosha. Jumla ya chuma kinachotakiwa kwa mimba moja ni kiasi cha gramu moja. Ni kitu kidogo kwa macho, lakini chakula cha kila siku cha maskini hakikileti. Mtoto hutwaa haki yake katika akiba ya mama, na akiba ikiisha mama hubaki mtupu.

Katika uchunguzi wa taifa uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016, katika kila wenye mimba 100, wapatao 57 walionekana wana upungufu huu. Basi mume asiseme kuwa jambo hili ni la nadra.

Khatari yake ni hii. Kila mwanamke hutokwa na damu akizaa. Mwenye damu ya kutosha hupoteza kiasi, akapumzika, akapona. Mwenye damu pungufu hupoteza kiasi kile kile akafa. Na mtoto wake huzaliwa kabla ya wakati, au mdogo wa uzani, naye hana akiba ya chuma ya kumfaa katika miezi yake ya kwanza.

SABABU YA KWANZA: CHAKULA

Chakula cha watu wengi wa Shinyanga ni ugali wa mahindi au wa mtama, na viazi vitamu vilivyokaushwa viitwavyo michembe, pamoja na mlenda. Nchi ni kavu, na mvua ikikosekana mboga za majani huwa haba. Vyakula hivyo hushibisha tumbo, lakini chuma chake ni kidogo, na hicho kidogo mwili haukitwai kwa wepesi. Chuma kitwaliwacho upesi ni cha nyama, na maini, na samaki. Cha mchicha, kisamvu, majani ya kunde, maharage na choroko hutwaliwa kwa shida, ila kikifuatana na ndimu, chungwa, embe au ukwaju. Kinyume chake ni chai: ikinywewa pamoja na chakula hukizuia chuma kisiingie mwilini. Ni vizuri chai ingoje saa moja au mbili baada ya kula.

Wafanyaji biashara wa pwani waujua mji wa Bombay tangu zama za majahazi. Katika mji huo, mwaka 1928, alifika tabibu wa Kiingereza, mwanamke, jina lake Lucy Wills, kuchungua upungufu mkali wa damu uliokuwa ukiwaua wenye mimba. Akaona kuwa umezidi katika wanawake maskini wa Kiislamu, ambao chakula chao kilikuwa kibaya kuliko cha wengine. Mwaka 1931 akatangaza kuwa wagonjwa hao wamepona kwa kula Marmite, kitu kitokanacho na hamira, kisichokuwa na thamani kubwa. Baadaye ikajulikana kuwa kilichowaponya ni asidi ya foliki, nayo imo pia katika majani ya kijani, na maharage, na maini. Hivi leo kidonge apewacho mwenye mimba kliniki kimechanganywa chuma na foliki hiyo.

Na izingatiwe ibara iliyomo: wanawake wale hawakufa kwa kukosa dawa ya ghali, walikosa chakula ambacho bei yake yajulikana sokoni. Lakini ziko nyumba ambamo nyama huja, nayo haimfikii mwenye mimba, kwa kuwa ada ni mume na wageni watangulie, kisha watoto, kisha yeye akombe chungu. Na ziko sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki ambako mwanamke alikatazwa mayai au kuku akiwa na mimba. Katazo hilo halina asili katika sharia wala katika tiba. Mume ndiye awezaye kulivunja kwa neno moja, akasema mbele ya watu wa nyumba: "Fungu hili ni lake."

SABABU YA PILI: MALARIA

Mdudu wa malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika watoto wadogo wa Tanzania, wapatao 8 katika kila 100 walikuwa na wadudu hao. Katika Shinyanga walikuwa kiasi cha 16. Kwa mwenye mimba pana jambo zaidi: wadudu hujificha katika kondo la nyuma, khasa kwa mimba ya kwanza, na yeye huenda asione homa kabisa. Hujiona mzima, na damu yake yaliwa. Katika nchi ya dhahabu mashimo yaliyoachwa wazi hujaa maji ya mvua, nayo huwa mazalio ya mbu.

Kinga yake ni mbili: kulala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na kumeza dawa iitwayo SP kliniki, mbele ya muuguzi, kuanzia mwezi wa nne, kwa kuachana mwezi mmoja baina ya dozi na dozi. Mume mwenye chandarua kimoja, akakichukua machimboni na kumwacha mkewe bila kitu, amelinda damu yake na kuiacha damu ya watu wawili.

SABABU YA TATU: SAFURA NA KICHOCHO

Watu wa pwani walijua ugonjwa wa safura kabla ya darubini kufika: uso kuwa mweupe, miguu kuvimba, mtu kukosa nguvu. Sababu yake ni minyoo midogo inayong'ata utumbo na kunyonya damu. Mayai yake hutoka na choo cha mgonjwa, huanguliwa katika udongo wenye unyevu, na vijana vyake huingia kwa ngozi ya mguu mtupu. Mwaka 1880, katika kuchimba tundu la reli chini ya mlima wa Gotthard huko Uswisi, wachimbaji wengi walishikwa na upungufu wa damu, na waganga wakaona minyoo hiyo ndiyo sababu, kwa kuwa watu walijisaidia mle mle walimofanya kazi. Hivyo ndivyo yawezavyo kutokea penye machimbo yoyote yasiyo na vyoo.

Kichocho nacho hukaa katika maji yenye konokono: ziwani, malamboni, na katika majaruba ya mpunga. Huingia kwa ngozi, kisha hutoa damu katika mkojo au katika choo, kidogo kidogo, miaka mingi. Mwanamke achotaye maji na kufua lamboni hana hila ya kukwepa. Kumchimbia choo, kumnunulia viatu, na kumletea maji ya kisima ni kazi za mume. Na dawa za minyoo na kichocho hupewa mwenye mimba na mganga baada ya miezi mitatu ya kwanza.

SABABU YA NNE: MIMBA ZA KUFUATANA NA ZA UTOTONI

Akiba ya chuma iliyokwisha kwa mimba moja hairudi kwa siku arubaini. Shirika la Afya la Ulimwengu lashauri ipite miaka miwili kamili baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine. Na Waislamu waijua miaka miwili ya kunyonyesha iliyotajwa katika Sura ya Bakara kwa atakaye kutimiza. Mwanamke azaaye kila mwaka hujenga nyumba mpya kwa matofali ya nyumba yake mwenyewe. Na msichana ambaye mwili wake haujamaliza kukua hushindana na mtoto wake kwa chakula kile kile, na malaria ya mimba ya kwanza ikaongezeka juu yake.

SABABU YA TANO: DAMU YA URITHI

Nchi za kando ya Ziwa Victoria ni katika sehemu za Tanzania zenye watu wengi waliorithi selimundu, ugonjwa wa chembe za damu kujikunja mfano wa mundu na kufa upesi. Mtu aliyerithi kwa mzazi mmoja tu huishi salama asijue. Lakini wakioana wawili wa hali hiyo, katika kila mimba pana fungu moja katika manne kuwa mtoto atakuwa mgonjwa. Kupima damu kabla ya posa hakupingani na tawakuli. Ni katika kuuliza khabari kabla ya kufunga ndoa, nako ni ada njema.

SABABU YA SITA: UDONGO

Wenye mimba wengi hutamani udongo, na masokoni vyauzwa vipande vyake viitwavyo pemba. Watu hucheka. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 1998 juu ya wenye mimba 275 waliofika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, 154 walikuwa wakila udongo kwa mazoea, na chuma katika damu yao kilikuwa kidogo kuliko cha wenziwao. Tamaa hiyo yaweza kuwa ni alama ya upungufu, na udongo wenyewe huweza kuzuia chuma na kuleta minyoo. Mume akiona mkewe ala udongo, asimkemee. Ampeleke akapimwe damu.

JE, DAWA NI KATIKA NAFAKA?

Hapa huinuka hoja. Wapo wenye kusoma wasemao kuwa katika vitabu vya kale vya madhehebu ya Shafi, ujira wa tabibu na bei ya dawa havikuhesabiwa katika nafaka iliyo wajibu juu ya mume. Maneno hayo ni ya kweli kuwa yameandikwa, na si uaminifu kuyaficha. Lakini mwenye kuyashika na ayatazame kwa ukamilifu.

Kwanza, chakula ni wajibu juu ya mume pasipo khitilafu, pamoja na kitoweo, na nguo, na makazi. Na yaliyokwisha tajwa yaonyesha kuwa sehemu kubwa ya maradhi haya ni chakula kilichopungua na makazi yasiyo na kinga. Mtu hawezi kuukimbia wajibu wa kitoweo kwa kuuita dawa.

Pili, Kurani katika Sura ya Talaka imeamrisha mwenye mimba apewe matumizi mpaka azae, hata akiwa ameachwa. Ikiwa aliyeachwa ana haki hiyo kwa ajili ya mimba, vipi aliye ndani ya nyumba?

Tatu, wanazuoni wengi wa zama za karibuni, na katika hao Sheikh Wahba Zuhaili wa Damascus, aliyefariki mwaka 2015, wameona kuwa matibabu leo yamekuwa haja ya lazima kama chakula, basi ni juu ya mume. Kwani si katika kukaa kwa wema mtu kustarehe na mkewe akiwa mzima, na kumrudisha kwa baba yake akiugua.

Na katika vituo vya serikali ya Tanzania kanuni ni kuwa huduma ya wenye mimba haina malipo. Mara nyingi lililobaki juu ya mume ni nauli, na ruhusa, na kutomkawiza. Wala asimzuie kwa kuwa hospitali iliyo karibu ni ya watu wa dini nyingine. Tiba ni tiba, na damu iliyopimwa Kolandoto haimtoi mtu katika dini yake.

SAUMU YA MWENYE MIMBA

Katika madhehebu ya Shafi, mwenye mimba akiichelea nafsi yake kwa saumu, hufungua na kulipa baadaye. Akimchelea mtoto peke yake, hufungua, hulipa, na hutoa kibaba kwa kila siku. Mwanamke aliyeambiwa na tabibu mwaminifu kuwa damu yake ni pungufu, kisha akalazimishwa kufunga kwa haya ya mawifi na majirani, hakulazimishwa na sharia. Mume na aseme wazi kuwa mkewe ana udhuru.

YAPASAYO KUTENDWA

Mume na azijue dalili: weupe ndani ya ukope wa chini, na katika viganja na ulimi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kuhema kwa kazi ndogo. Lakini asingoje dalili, kwa kuwa huchelewa. Ampeleke kliniki mimba ijulikanapo, si mwezi wa saba, naye apimwe damu. Vidonge vya chuma na foliki amezavyo kila siku aweza kuviacha kwa sababu ya kichefuchefu au choo cheusi. Weusi huo hauna dhara. Na amkumbushe avimeze kwa maji, si kwa chai wala kwa maziwa.

Tena wanaume wa nyumba watoe damu hospitali kabla ya haja kufika. Mwanamume mzima aweza kutoa mara moja kila miezi mitatu, na mwili wake huirudisha. Mwanamke atokwaye na damu usiku hana muda wa kungoja ndugu watafutwe mjini. Kutoa damu kwa kuokoa nafsi kumeruhusiwa na wanazuoni wa zama hizi, bila ya kuiuza.

Na yule mtu wa Geita, akilisoma somo hili, aache swali lake la kila siku, na aulize mengine: "Umepimwa damu, na hesabu yake ni ngapi? Umelala ndani ya chandarua? Leo umekula kitoweo gani? Vidonge vimebaki vingapi?" Mke aulizwaye hivyo hataweza kujibu "hatujambo" tu. Na siku ya kuzaa ikifika, mume awe Kolandoto, si shimoni.

Katika Sura ya Luqman umetajwa udhaifu wa mama achukuapo mimba, ili mtoto akumbuke fadhila yake. Baba yu karibu zaidi na udhaifu huo kuliko mtoto, kwa kuwa yeye huuona ukitokea mbele ya macho yake. Basi ni haki juu yake kuupunguza kwa kadiri ya mkono wake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.